Wimbo wa Kupima Nyuzi

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, ila zamani hizi za karibu, za redio kaseti na betri zilizoanikwa juani zipate nguvu kidogo, palikuwa na mji mdogo wa reli chini ya machimbo ya mawe. Sikilizeni taratibu, maana mwisho nitawauliza.

Katika mji huo alikufa mpiga gita. Jina lake Shomari, watu wakimwita Shomari Vidole, na sifa zake zilifika kila stesheni ambapo treni ilisimama. Alimwacha mkewe, Bi Siwema, mwanamke mcha Mungu ambaye katika miaka yote ya ndoa hakukanyaga ukumbi wa dansi. Mume alikwenda kupiga gita. Mke alibaki akaswali, akafunika chakula, akalala. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Shomari alipozikwa, Bi Siwema akaingia eda. Mjane wa dini yake hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatembei, haonani na wanaume wa nje. Yeye alikaa chumba cha mbele, nyuma ya pazia jeupe, na gita la marehemu limetundikwa ukutani mbele yake. Upepo ukija, pazia linajaa. Upepo ukiondoka, pazia linalala. Alikaa akilitazama, tasbihi mkononi, na mara nyingine hakujua kama yuko macho au amesinzia.

Nje ya pazia palikuwa na baraza, na kila baada ya swala ya alasiri walikuja watu watatu kukaa pale. Walikuja kumfariji mjane. Lakini shabiki wa muziki hajui kufariji kwa njia nyingine, atazungumza muziki tu.

Wa kwanza aliitwa Kondo, fundi redio, aliyeifuata bendi ya Shomari kila mji, redio kaseti begani, akirekodi. Wa pili ni Mzee Lugendo, aliyekuwa mpasua mawe. Baruti za machimboni ziliyaua masikio yake kabla bendi haijaundwa, kwa hiyo hakusikia hata noti moja ya Shomari, na hakukosa dansi lake hata moja. Alisoma midomo ya watu, na mwenyewe alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Wa tatu ni Matayo, aliyepiga gita la rithimu ubavuni mwa Shomari mpaka siku waliyogombana. Akaiacha bendi, akaenda kufundisha kwaya kanisani, na hawakusemeshana tena mpaka Shomari anakufa.

"Gita la Shomari lina mwili mwembamba," Kondo alisema siku moja. "Ndiyo maana lilikuwa linalia vile."

"Mwili hauna neno," Matayo akajibu. "Ni nyuzi. Yeye alikuwa anaziacha zimelegea kidogo. Mimi nilikuwa nazikaza, ndiyo maana zangu zilikuwa zinakatika."

"Zako zilikuwa zinakatika kwa hasira zako, bwana."

"Mnasema nini?" Mzee Lugendo akauliza, na kuku wa jirani wakakimbia.

"Tunasema Matayo ana hasira."

"Ah. Hilo hata mimi nililisikia."

Wakacheka, na nyuma ya pazia Bi Siwema akatabasamu, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kutabasamu ndani ya eda.

Siku zikaenda hivyo. Walizungumza juu ya dansi la stesheni ya juu, ambako umeme ulikatika na Shomari akaendelea kupiga gizani, watu wakacheza bila kuonana. Walizungumza juu ya mpiga gita wa bandarini aliyelala na gita lake kitanda kimoja mpaka mkewe akahama chumba. Walizungumza juu ya mwimbaji mmoja mwenye jina kubwa aliyefia kwenye banda la kuku la ndugu yake. Bi Siwema akasikia mumewe akitembea katika miji ambayo yeye hakuijua, amevaa shati ambalo yeye alilipiga pasi, akishangiliwa na watu ambao yeye hakuwaona. Ilikuwa kama kuota ndoto ya mtu mwingine.

Siku moja Kondo akasema, "Tuseme kweli, hawa wapiga gita wote huwa na nyumba nyingine mahali."

"Shomari je?" Matayo akauliza.

Nyuma ya pazia tasbihi ikasimama.

"Shomari sijui," Kondo akasema polepole. "Alikuwa mtu wa peke yake. Kabla ya kila dansi anageukia ukuta, anapima nyuzi. Ukimsemesha hajibu."

Kesho yake Kondo akaja na kapu la kanda. Akaweka moja, akaweka nyingine. Nyimbo kubwa zikapita, zile zilizochezwa mpaka mipakani, na Bi Siwema hakuzijua hata moja. Kisha ikaingia kanda moja ambayo kabla ya wimbo ilikuwa na kitu kidogo mwanzoni. Gita peke yake, chini chini. Noti chache zinapanda, zinasita, zinashuka. Halafu sauti ya Kondo mwenyewe ndani ya kanda, ikimwambia mtu: "Bado, anapima nyuzi tu." Halafu, kap, kitufe kimezimwa.

Tasbihi ikaanguka sakafuni.

Noti zile Bi Siwema alizijua. Ndicho kitu Shomari alichokuwa akikipiga jioni nyumbani, amekaa kwenye kigoda na mgongo kwenye kizingiti, wakati yeye anasubiri maharage yaive. Hakikuwa na maneno. Hakikuwa na jina, naye hakuwahi kukiulizia. Tangu mazishi alikuwa akijaribu kukikumbuka, na kila siku kilikuwa kinamponyoka zaidi, kama ndoto mtu anapoamka. Anaishika pembeni, na yenyewe inaondoka. Naye aliogopa kwamba kikiondoka chote, ndipo Shomari atakuwa amekufa kweli.

Na sasa amejua jambo jingine. Alidhani kitu kile ni cha nyumbani tu. Kumbe katika kila mji, mbele ya watu wote wale, mumewe aligeukia ukuta kwanza, akarudi nyumbani kidogo, ndipo akawageukia.

Bi Siwema akamwita wifi yake, Bi Tabu, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akikaa naye. Akamtuma barazani. Je, kimebaki kingine katika kanda?

Kondo akainamisha kichwa. "Hakuna, dada. Kanda zote nilianza kurekodi baada ya hapo. Hiyo moja kidole kiliteleza. Nilikuwa naona anachezea nyuzi, nikasema nisimalize kanda bure."

Alikuwapo kila dansi. Kila dansi alisubiri kitu kile kiishe, ndipo akabonyeza kitufe.

Hapo Bi Siwema akaweka nadhiri. Akasema, "Mungu akinirudishia wimbo ule mzima, gita hili nitampa mtu aliyenirudishia." Bi Tabu akalibeba neno hilo mpaka barazani, akaliongezea lake.

"Na kaseti zenu mzifunge. Leo nimewavumilia. Hii ni nyumba ya msiba, si ukumbi. Wifi yangu akitoka eda, mje. Kabla ya hapo mkitaka muziki nendeni mkasikilize mabehewa."

"Amesema nini?" Mzee Lugendo akauliza.

Matayo akamgeukia, akamwonyesha midomo vizuri. "Wanautafuta ule wimbo wa ukutani, mzee. Haupo. Umepotea."

"Ule? Mimi naujua."

Matayo akacheka. "Unaujua vipi, mzee wangu, na wewe masikio yako yako machimboni?"

"Ninyi mlikuwa mnasikiliza," Mzee Lugendo akasema. "Mimi nilikuwa natazama."

Akawaeleza. Kila dansi alikaa pembeni ya jukwaa, upande wa ukuta, kiganja kimewekwa kwenye mbao, maana hapo ndipo mbao zilitetemeka zaidi. Shomari alipougeukia ukuta aliwapa watu wote mgongo, lakini kwake yeye alikuwa amegeuza uso na mkono. Mzee Lugendo akainua mkono wa kushoto, akaweka vidole hewani: hapa, kisha hapa, kisha kile kidogo kinanyooka huku. Matayo akaacha kucheka.

"Na wewe uliyekuwa ubavuni mwake?" Kondo akamuuliza Matayo. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napima nyuzi zangu," Matayo akasema.

Basi wakangoja. Bi Siwema alingoja nyuma ya pazia, na wimbo ukazidi kumtoka. Alibaki na noti zile chache za kanda, kisha kichwani anabaki na mbili, kisha anabaki na harufu ya maharage tu.

Eda ikaisha. Bi Siwema akaoga, akavaa nguo safi, akaswali, akakaa kizingitini. Pazia lilikuwa limefuliwa na kuanikwa. Wanaume watatu wakaja baada ya alasiri, wakakaa mkekani kama watu waliofika kwenye ndoa, na Bi Tabu akaliteremsha gita.

Matayo akalipakata. Kondo akaweka kanda. Noti zikapanda, zikasita, zikashuka. Kap. Akairudisha. Tena. Akairudisha tena, mpaka Matayo akaushika mwanzo. Lakini mwanzo ulipokwisha mkono wa Matayo ukasimama hewani, haujui pa kwenda.

Mzee Lugendo akasogea, akamshika vidole kimoja kimoja, akavipeleka. Hapa. Kisha hapa. Kile kidogo kinanyooka. Alijua kila mahali, lakini hakujua kipi kirefu na kipi kifupi, akaviweka vidole kama mtu anayepanga matofali. Matayo akafuata, akaanza kuutia mwendo. Ukatoka kama dansi.

Bi Siwema akatikisa kichwa. "Unauharakisha, shemeji. Ule ulikuwa wa mtu anayesubiri maharage."

Matayo akafumba macho. Akalegeza nyuzi kidogo, vile Shomari alivyokuwa akizilegeza, vile yeye alivyokuwa akikataa kuzilegeza. Akaanza upya, polepole, na safari hii wimbo haukusimama. Ulipanda, ukasita, ukashuka, ukazunguka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipakumbuka mpaka ulipofika, kisha ukarudi ulikotoka, ukatua. Ilikuwa kama mtu ameingia ndani, akavua viatu, akakaa.

Machozi yakamtoka Bi Siwema, naye hakuyafuta.

"Ndio wenyewe?" Mzee Lugendo akauliza kwa ile sauti yake. Alimtazama mjane usoni, akajua.

Kisha Bi Tabu akasema, "Haya. Nadhiri ni nadhiri. Gita ni la nani?"

Kondo akasema, "Ni langu. Bila kanda yangu shemeji asingejua hata kama wimbo ule ulitoka nje ya nyumba hii. Hawa wawili wasingejua wanatafuta nini. Mimi ndiye niliyeuhifadhi."

"Uliuhifadhi?" Matayo akamkatiza. "Uliuzima mwenyewe kwa kidole chako. Kila mji uliuzima."

Mzee Lugendo akasema, "Ni langu. Mwili wote wa wimbo umetoka hapa," akainua mkono. "Kondo alikuwa na mkia wa mjusi, mimi nimeleta mjusi. Na tazameni. Kondo ameusikia. Matayo ameusikia. Bibi mwenyewe ameusikia. Ninyi mmelipwa tayari. Mimi niliyeubeba sijausikia mpaka sasa. Nipeni niweke kifuani. Kifua changu bado kinasikia."

"Utaliweka kifuani, mzee, nyuzi zitapata kutu," Matayo akasema, bila ubaya. "Ni langu mimi. Kanda ilikuwa na kipande. Mzee alikuwa na vidole visivyo na sauti. Vyote hivyo havikuwa wimbo mpaka vilipopita mikononi mwangu. Na nikipewa, shemeji, kila ukitaka kuusikia nitakuja. Ukiwapa hawa, limekwisha kupigwa leo."

"Wewe ulimwacha," Kondo akasema. "Ulikaa naye mji mmoja usimsemeshe. Leo ulitwae gita lake ukaliimbishe kwaya?"

"Kweli nilimwacha," Matayo akasema. "Leo nimeshika nyuzi zikiwa zimelegea, nikaelewa alichokuwa akiniambia. Leo ndiyo tumesemeshana."

Bi Tabu akainama kwa wifi yake, akanong'ona, "Mwenye wimbo ni wewe. Wewe ndiye uliyewaambia waupunguze mwendo, ndipo ukawa wenyewe. Baki na gita la mumeo."

"Nimemwahidi Mungu, wifi," Bi Siwema akasema. "Siwezi kumwahidi Mungu halafu nikajipa mwenyewe. Na nilisema mtu. Sikusema watu."

Akalipokea gita kutoka kwa Matayo. Mbao zilikuwa bado na joto la kifua chake. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya machimbo, na mwadhini alikuwa amekwisha kupanda mnarani. Akasema moyoni, adhana isinikute na deni la nadhiri. Akanyanyuka kizingitini, gita mikononi, akawatazama wale watatu waliokaa mkekani: aliyeutunza mwanzo na kuupoteza uliobaki, aliyeubeba wote bila kuusikia, na aliyeupa sauti baada ya kumnyima Shomari salamu.

Akanyoosha mikono.

Nami nimefika hapo, siendi mbele. Nanyi mmeusikia wimbo pamoja nao, na gita ni moja. Semeni, mikono ile ya Bi Siwema ilistahili kunyooshwa kwa nani?