Siku Tuliyomlilia Mama wa Daktari

“Sufuria lilitoka kwangu jeupe, limerudi jeusi kama moyo wa aliyeliazima,” Mama Hidaya alikuwa akisema, mikono kiunoni, mlango wa ua wangu ameuacha wazi ili majirani wasikose kitu.

“Amekuja mwenyewe asubuhi kukwambia limeungua,” Bi Arafa alimjibu. “Na jipya kakuletea kichwani, hilo jeusi kalichukua yeye. Sasa wataka nini tena?”

“Nataka asutwe.”

“Mng’ata pamba hasutwi, Mama Hidaya. Moto utie jikoni, si mdomoni.”

Mama Hidaya akaegemea mlango. Hakuridhika, ila methali hiyo mtaani kwetu ni kufuli. Aliyeunguza sufuria, Sikitu, alikuwa kwangu ndani anachambua mchele na wenzake, mikono kwenye ungo, masikio uani.

“Bibi Siwema,” akaniuliza polepole, “pamba gani hiyo iliyoniokoa?”

Mng’ata pamba hasutwi. Wanaoisema ni wengi, wanaojua ilikozaliwa ni wachache, na mimi najua kwa sababu mkeka mmojawapo wa siku hiyo ulibebwa na kichwa hiki mnachokiona. Ilianza hivi.

Nilikuwa mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mgeni katika mtaa huu. Nyumba ya tatu kutoka kisimani alikaa Bi Shumbana. Aliuza vitumbua, lakini vitumbua vilikuwa kisingizio. Watu walikwenda kununua habari. Ukimpa jina la mtu saa moja asubuhi, saa mbili anao ukoo wake mzima. Hakumwogopa mjumbe, wala mama mkwe wake. Na penye kusuta, yeye ndiye aliyetangulia.

Nyinyi kusuta mnakusikia tu. Mtu akizusha uongo, wanawake walimwendea mlangoni kwa khanga za sare na ngoma. Msutaji anamwuliza mbele ya watu: ulisema, hukusema? Akikana, shahidi anatolewa, na hapo ni nyimbo na vigelegele mpaka mtu atamani ardhi immeze. Aliyesutwa hakuitwa kupika wala kuimba kwenye shughuli yoyote mwaka mzima. Kwa Bi Shumbana, ambaye nyumba isiyo na watu aliiita kaburi, mwaka huo ungekuwa kifungo.

Basi, gego lake la mwisho, lile linaloota mtu keshakuwa mzima, likaota kiubavu likamlalia jirani yake. Ufizi ukavimba, kinywa kikawa kinafunguka kiasi cha kijiko. Akaweka karafuu, akasukutua maji ya chumvi, akawa anasengenya kwa upande mmoja. Tukamwambia, nenda kwa Daktari Shekiondo ng’ambo ya reli, ndiye aliyewatibu meno watoto wetu wote.

Akaenda. Akakaa kwenye benchi, akasikia mashine inalia chumbani, dawa ikampiga puani, mara akatoka mzee wa watu ameshika shavu, machozi yanamlenga. Miguu ya Bi Shumbana iliamua kabla yake. Alijikuta mtaani, na wa kwanza kukutana naye ni Bi Riziki, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana.

“Mbona mapema, na shavu bado umelibeba?”

Mtu asiyeogopa yeyote aseme ameogopa koleo?

“Daktari hayupo,” akasema. “Amefiwa na mama yake.”

Mtaa mwingine uongo huo ungekufa jioni ile ile. Sisi si watu wa kuambiwa msiba tukakaa. Kabla ya adhuhuri mchele ulikwisha changwa, kuni zimefungwa, mikeka imekunjwa. Tulitoka wanawake ishirini na wawili. Bi Shumbana alisema jino linamzuia, akabaki, na nadhani hakuwahi kuona kundi lililomtisha kama lile likiishia kona ya reli. Tulianza kulia mbali kidogo na nyumba ya daktari, ili tusifike na macho makavu.

Mlango akafungua mama mnene, mkononi ana kipande cha muhogo wa kuchoma.

“Poleni, wanangu,” akasema, maana kilio chetu kilimwingia kweli. “Nani amekufa?”

Bi Riziki alimjua kwa sura. Akamtazama juu mpaka chini.

“Wewe,” akasema.

Nawaambia, hakuna mzigo mzito kama kuni za msiba ambao haupo. Tulirudi nazo vichwani, na kila tulipopita watu wanatuuliza, mbona mmerudi na mchele wenu? Bi Riziki hakujibu mtu. Alipofika mtaani alisema neno moja tu: kesho, alasiri, asutwe. Khanga zikatolewa kwenye masanduku.

Habari zikamfikia Bi Shumbana. Nani angemficha, na yeye ndiye ghala la habari? Basi la Muheza lilikuwapo, na Muheza ana dada. Kujifungia pia angeweza, mlango wake una komeo. Asubuhi yake tukamwona amejitanda khanga, ametoka. Tukajua amekimbia.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alikwenda kwenye lile benchi akakaa mpaka zamu yake, karibu saa tisa mchana. Daktari akatoka, akamtambua kwa shavu, maana jana tulimweleza mama yake aliyemzushia kifo ni nani.

“Karibu, mama. Marehemu anakusalimu.”

Wagonjwa wakacheka. Bi Shumbana akasimama mbele yao wote.

“Mwanangu, mama yako nilimuua mimi, kwa sababu niliogopa koleo lako. Naliogopa mpaka sasa. Lakini nimekuja kumfufua. Ling’oe.”

Daktari akaacha kucheka. Akamkalisha, akamwonyesha kila chombo kabla hakijaingia kinywani, akamwambia, nitakuchoma sindano ya ganzi, utasikia kusukumwa lakini hutasikia kukatwa. Ukiona vibaya inua mkono, nitaacha. Bi Shumbana akashika ncha za khanga yake. Jino lile lilikuwa na mizizi iliyojipinda, ikabidi likatwe vipande viwili. Katikati ya kazi akainua mkono. Daktari akaacha mara moja.

“Unaumia?”

Akatikisa kichwa, hapana. Alitaka tu kuhakikisha kwamba akiinua mkono ataachwa kweli. Kisha akaushusha, na hakuuinua tena.

Lilipotoka, daktari akamshona nyuzi mbili, akamwekea pamba. “Ing’ate kwa nguvu, saa nzima. Usiseme, usiteme mate, usisukutue mpaka kesho. Pale shimoni pataganda donge la damu, ndilo mlinzi wa kidonda. Ukilitoa kwa maneno yako, utalia kuliko wenzako walivyomlilia mama yangu.”

Sisi tulifika na ngoma saa kumi. Tulitegemea mlango uliofungwa. Tulimkuta barazani, mlango wazi, mikeka ametandika kama anayengoja wageni wa harusi, na yeye katikati, shavu kama chenza. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Bi Riziki akasogea. “Bi Shumbana. Ulisema mama wa daktari amekufa, hukusema?”

Bi Shumbana akashika shavu.

“Umewasuta wanawake wa mtaa huu mmoja mmoja, leo mdomo umeuweka rehani? Ulisema, hukusema?”

Mwanamke yule alikuwa na jibu la kila mtu, na sisi wote tulijua analo. Angeweza kumkumbusha Bi Riziki mambo yake ya mwaka jana, tukaondoka tukicheka. Au angekana tu, kama wanavyokana wote. Aling’ata pamba, mshipa wa shingo ukamsimama. Kisha akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya mkeka mbele ya miguu ya Bi Riziki. Vipande viwili vya jino. Akainua uso na kuitikia kwa kichwa, mara tatu, kila mmoja aone. Yaani: ndiyo, nilisema.

Hapo nyuma yetu pakasikika sauti. “Nipisheni, kuna vidonge vyake kavisahau kwa mwanangu.”

Alikuwa marehemu. Akapita katikati yetu, akaketi kando ya Bi Shumbana, akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio wake.

“Kama ni kumsuta, mwenye haki ni mimi niliyekufa,” akasema. “Kusuta ni kumvua mtu aliyejifunika. Huyu kaja kwa mwanangu akasema mbele ya wagonjwa wote: niliogopa, nikadanganya. Kisha akakaa palepale palipomtia hofu. Mnataka kumvua nini? Mng’ata pamba hasutwi.”

Bi Riziki akatazama lile jino, akatutazama sisi na khanga zetu za sare. “Haya,” akasema, “ngoma mmekuja nayo. Mtairudisha kama mlivyorudisha kuni?” Ikapigwa, lakini wimbo ukageuka, akaimbwa Bi Shumbana kwa ujasiri wake, na yeye analia bila kufungua mdomo.

Siku ya tatu shavu lilivimba kuliko mwanzo, akaogopa, tukamwambia daktari alisema litavimba. Tulimpelekea uji uliopoa na ndizi za kuponda, tukamtilia maji ya vuguvugu chumvi, tukamsimulia mambo yote ya mjini naye hawezi kujibu. Sijapata kuona mtu aliyeteseka vile. Siku ya nane nyuzi zikatolewa, kesho yake akaanza kusema alfajiri, na hakunyamaza mpaka Isha.

Jino akalitia kwenye kopo. Mtu akiogopa kung’oa, yeye alikuwa anakwenda nalo, anamwambia, mimi niliua mtu kwa woga, wewe bado hujafika huko, simama twende. Wanawake tisa aliwasindikiza kwenye kile kiti cha daktari, nami ni wa sita. Leo methali hiyo inasemwa mpaka sokoni, wanadhani ni ya wahenga. Wahenga ni sisi, ni mtaa huu.

Nilipomaliza, mchele ulikuwa umekwisha chambuliwa, umepikwa, na harufu ya nazi imetoka mpaka uani. Mama Hidaya alikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyemwita, wala aliyemfukuza.

“Na hilo kopo liko wapi?” akauliza.

“Kabatini kwangu. Aliniachia.”

Sikitu akatoka na sahani, akamwona, akasimama. Mama Hidaya akautazama wali.

“Umeupika kwenye sufuria gani?”

“Lile jeusi, mama,” Sikitu akasema. “Nimelisugua, halijatakata. Ndilo nililonalo.”

Mama Hidaya akashusha pumzi, na mikono akaitoa kiunoni. “Mng’ata pamba hasutwi,” akasema, kwa sauti ya mtu anayeisema kwa mara ya kwanza.

“Basi vua viatu, jirani,” nikamwambia. “Sikitu, mpishe mama mkekani. Karibu ndani tule.”