Shikamoo ya Mwanakombo

Tegeni masikio, na mwenye mvi asininunie. Mwanakombo alikuwa na miaka arobaini siku mwanamume mwenye ndevu alipomwamkia shikamoo. Akaingia ndani, akatazama kioo, akaona mvi. Akalikimbilia zimwi la kisimani.

“Niondolee uzee.”

“Uzee hautupwi, bibi. Humhamia mtu wa nyumbani kwako. Nihamishe?”

Nyumbani alikuwamo binti yake tu, Siwema, mwari aliyeposwa juzi.

“Hamisha.”

Zimwi likauliza mara ya pili, akajibu hamisha. Likauliza mara ya tatu, akajibu hamisha.

Akarudi kiuno chepesi, nywele nyeusi tii. Mlangoni akamkuta ajuza anapepeta mchele. Ajuza akainua uso, akatabasamu bila jino hata moja.

“Shikamoo, mama.”

Hadithi yangu naiacha hapo mlangoni, kwani mpaka leo Mwanakombo hajaitikia.