Buti za Mgeni Rasmi

"Maji ya bamvua hayamngoji mgeni rasmi." Mmemsikia Dokta Nyamizi akiyasema hayo kwenye simu sasa hivi, kisha akakata, akabeba kamba zake, akashuka ufukweni. Nanyi wanafunzi mkatazamana mkidhani amemvunjia mtu heshima. Hakumvunjia mtu heshima. Methali hiyo ilizaliwa hapa hapa Ras Mkungu, mbele ya mlango wa stoo hii ninayoitunza, na mimi Siwatu nilikuwapo. Vaeni buti huku mkisikiliza, maana ilianza hivi.

Wakati huo Dokta hajawa dokta. Alikuwa Nyamizi tu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa Tabora aliyekulia mbali na maji ya chumvi. Alikuja na wenzake kwa mafunzo ya wiki moja. Mwisho wa wiki, mmoja wao angechaguliwa abaki kituoni mwaka mzima afanye utafiti wake mwenyewe, kwa vifaa na posho ya wafadhili. Sharti lilikuwa kwamba kila anayeomba alete vipimo alivyovichukua kwa mikono yake mwambani.

Nyamizi alijua anachokitaka. Ukingoni kabisa mwa mwamba palikuwa na konde la nyasi bahari, zile zinazoliwa na samaki waitwao tasi, nazo zilikuwa zinakufa na hakuna aliyejua sababu. Konde lile huwezi kulifikia maji yakipwa kwa kawaida. Linajitokeza wakati wa bamvua tu, bahari inapotoka ikaenda mbali, tena kwa muda mfupi, halafu inarudi. Na bamvua iliangukia wiki ile ile ya mafunzo. Hata ungepanga mwenyewe usingepata zaidi ya hapo.

Lakini kituo kilikuwa na mratibu, Bwana Hemedi Mwinjaka. Mtu mwema, hana ugomvi na mtu, ila alikuwa na ugonjwa wa uzinduzi. Kwake yeye jambo lisilozinduliwa halijaanza, na jambo halizinduliwi bila turubai, utepe, mshereheshaji na mgeni rasmi. Mgeni mwenyewe alikuwa mkubwa mmoja kutoka mkoani, Bi Adelina Shekiondo.

Siku ya kwanza ya bamvua ikaliwa na usajili. Siku iliyofuata mgeni akaahirisha, basi wanafunzi wakafanyishwa mazoezi ya kupiga makofi. Ndiyo, makofi! Vijana wa chuo kikuu, bahari imejianika mbele yao, wanafundishwa kupiga makofi kwa pamoja. Kesho yake upepo ukang'oa turubai, siku nzima ikaishia kwenye kamba na vigingi. Nyamizi alikuwa akikaa kwenye ngazi, akilitazama konde lake likijitokeza na kuzama, na roho inamuuma.

Ikafika asubuhi ya mwisho ya bamvua. Wanafunzi wakapewa fulana nyeupe, wakaambiwa wasijichafue mpaka picha ipigwe. Jua likapanda, mgeni hakuna. Maji yakazidi kutoka, mwamba ukaanza kuonyesha mgongo. Nyamizi akashindwa kuvumilia, akamfuata mratibu pale alipokuwa akinyoosha utepe.

"Shikamoo, Bwana Hemedi."

"Marahaba, binti. Mbona fulana hujaichomekea?"

"Naomba ruhusa nishuke mwambani. Nipime tu, nirudi. Leo ndiyo mwisho, kesho maji hayatapwa mpaka kule."

"Mafunzo hayajazinduliwa. Utayaanzaje?"

"Bahari ilishazinduliwa na Mwenyezi Mungu!"

"Taratibu, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Mgeni akifika akikuta viti vitupu, uso wangu nitauweka wapi?"

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi wangu nitauweka wapi mbele ya wafadhili, sina hata kipimo kimoja?"

"Nenda kakae. Tena wewe ndiye utakayetoa neno la shukrani. Mtoa shukrani hawezi kusimama mbele ya watu akiwa ameloa."

Akakaa. Angefanya nini? Aliyekaidi alirudishwa chuoni, na vipimo vyake visingepokelewa. Konde likajitokeza lote, la kijani, lina viraka vyeupe kama nguo iliyoliwa na nondo. Watu wakangoja mgeni, nyasi zikangoja watu. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni hakuja, na mwenyeji hakupona. Maji yakageuka, yakarudi polepole, yakaufunika ukingo, na Nyamizi akageuza kiti chake akaipa bahari kisogo.

Hapo ndipo gari lilipoingia. Makofi yakapigwa kwa pamoja, kama walivyofunzwa. Utepe ukakatwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuwataja waheshimiwa wote mmoja mmoja. Bwana Hemedi akasoma risala ndefu kuhusu umuhimu wa vijana kujifunza kwa vitendo. Nilitamani nimfunike na turubai lake. Bi Adelina alisema machache tu, na kila mara macho yake yalikwenda baharini kana kwamba ametafuta kitu akakikosa.

Ikaja zamu ya shukrani. Nyamizi alisimama na karatasi aliyoandikiwa na mratibu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisema, "nimeandikiwa nikushukuru kwa kutufungulia mafunzo. Lakini mafunzo yetu yalikuwa pale." Akanyoosha kidole kwenye maji. "Nayo yameshafungwa. Maji ya bamvua hayamngoji mgeni rasmi."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Hemedi alishika kichwa. Bi Adelina akageukia meza kuu.

"Nani aliwaambia mningoje?"

Watu wote wakamtazama mratibu.

"Bwana Hemedi, sikukupigia simu asubuhi? Nilikwambia gari limepata pancha, anzeni, nitawakuta huko huko mwambani."

"Ulisema, mheshimiwa. Lakini nikaona huo ni unyenyekevu wako tu. Itakuwaje mgeni rasmi atukute matopeni?"

Bi Adelina aliinuka. Alikwenda kwenye gari lake, akafungua nyuma, akatoa buti za mpira, kuukuu, zimezibwa viraka vya baiskeli. Akazitua juu ya meza kuu, kando ya chombo cha maua.

"Na hizi nilizibeba za nini?" akauliza. "Mimi nilipima samaki kabla sijaitwa mheshimiwa."

Msidhani hapo mambo yalinyooka. Bi Adelina aliomba radhi, akaandika barua, akapiga simu, lakini hakuna mkubwa anayeiamrisha bahari irudi nyuma. Wafadhili walitaka vipimo. Nafasi wakampa kijana wa kituo kingine, ambako hakukufungwa turubai. Nyamizi akarudi kwao Tabora, akafundisha sayansi watoto ambao hawajawahi kuiona bahari.

Miaka ikapita ndipo akapata nafasi nyingine na kurudi hapa. Bamvua ya kwanza alitembea peke yake hadi ukingoni. Alikuta mchanga mtupu. Konde lote lilikuwa limekufa, na sababu aliyotaka kuitafuta limekwenda nayo. Hata leo hakuna anayeijua. Aliporudi stoo nilimuuliza, "Vipi, mwanangu?" Alinikabidhi buti, akakaa kwenye gunia la kamba, akayasema maneno yale yale aliyoyasema siku ya utepe. Safari hii aliyasema akilia.

Sasa yuko kule majini, na mratibu wetu mpya anafunga utepe, mwoneni. Watu hawakomi! Nanyi mnanikodolea macho, mguu mmoja ndani ya buti, mwingine nje. Hadithi imekwisha, shukeni. Maji ya bamvua hayamngoji mgeni rasmi.