Injini ya Mama Digidigi

Hapo zamani za kale, tembo walipokuwa hawajajifunza kuomba radhi, wanyama walitengeneza michezo ya kwenye kioo, ile mnayobonyezabonyeza nyinyi wajukuu zangu. Na kila mchezo una injini tumboni. Ndiyo inayofanya picha zitembee, ziruke, zianguke.

Digidigi alirithi injini ya marehemu mama yake. Kuukuu, na ikigoma alipoteza siku tatu kuitengeneza. Lakini mama alikuwa ametia ndani mruko wake mwenyewe: tii, tii, kisha anakaa hewani kidogo, anageuza shingo, kama anayemngoja mtoto aliyebaki nyuma. Digidigi akizidiwa na hamu ya mama, huiwasha, akatazama tu.

Tembo naye alikuwa na injini yake aliyowakodisha wenzake. Kubwa, imekamilika, mvua imo, moshi umo. Nusu ya msitu ilikodi, na michezo yao yote ikatembea puu, puu, hata ya vipepeo. Mwenyewe hakuwahi kucheza hata mmoja.

Siku moja akamwambia Kobe, mkuu wa nyumba ya michezo alikofanya kazi Digidigi, kwamba atawakodishia injini yake, ila ile kuukuu ya Digidigi wanayoitumia ichomwe kwanza. Kobe, aliyechoka kungoja matengenezo, akakubali.

Digidigi akameza machozi. "Shikamoo, Babu Tembo. Naomba watoto wazicheze zote mbili kwanza. Itakayowapendeza ibaki."

"Marahaba. Nyingine nitaikanyaga mwenyewe," Tembo akacheka.

Digidigi akavifunga visanduku vyote viwili vya injini kwa majani ya mgomba, vikafanana. Watoto wakacheza. Mchezo wa kwanza wakauacha mapema. Kwenye wa pili wakasukumana, wakasahau hata uji.

"Hiyo ndiyo yangu," Tembo akasema. "Kazi yangu naijua hata kwa harufu."

"Una hakika, babu?"

"Atakayeisogezea moto, namkanyaga!"

Digidigi akafungua majani polepole. Kikatokea kisanduku cha mama, kona moja imeliwa na mchwa.

Tembo akatikisa masikio, akaomba radhi, wa kwanza katika ukoo wao. Kobe akaamua mvua na moshi wakodi kwa Tembo, mruko ubaki wa nyumbani.

Watoto walipoondoka, Digidigi akaiwasha. Tii, tii. Mama akageuza shingo.

"Nakuja, mama," akamwambia.

Basi wajukuu zangu, kodini mnachokosa, lakini msichome alichowaachia mama.