Namba Zinapanda

Ndege ilikwisha kuacha kiwanja, naye mpimaji alikuwa bado anajifunga mkanda. Kazi yao ilikuwa kutafuta madini ya urani kutoka angani: kuruka chinichini, kwenda na kurudi kama mkulima kwenye matuta yake, huku chombo kikipima miale itokayo kwenye mawe. Mbele yake walikaa mkuu wa utafiti na rubani, ambaye kwa kupenda kugeuza njiani wenzake walimbandika jina la Kunguru.

Walipoikaribia milima, vumbi lilitanda kama blanketi. Mara namba za chombo zikaanza kupanda.

"Zinapanda!" mkuu alipiga kofi. "Urani hiyo! Usigeuze, Kunguru!"

Mpimaji alitupia jicho kipimo cha pili, kile cha umbali kutoka ardhini. Kilikuwa kinashuka, ilhali ndege haikuinamisha pua. Jiwe lolote, hata lisilo na maana, miale yake huzidi ukilisogelea.

"Kaka, mlima unatujia!"

Kunguru hakuuliza. Aliinua pua, akapinda. Mwamba ukapita chini ya bawa, karibu sana hata mpimaji akaona majani yaliyoota kwenye nyufa zake.

Kiwanjani walipokewa kwa kicheko na Dume, rubani wa ndege ya pili, mume wa dada yake mpimaji.

"Shemeji, umerudi na manyoya yako yote? Njoo upande na wanaume!"

"Shemeji, vumbi halijatua. Nakuomba, mfikirie dada."

"Dada yako hakuolewa na kunguru."

Mkuu alikuwa amekwisha kuhamia ndege ya Dume. "Mlima tumeshaujua, tutaukwepa. Urani imo pale. Unapanda, au nikuhesabu huna kazi?"

Kazi ile ndiyo iliyomtia mama yake chakula mdomoni. Mpimaji alitaka kwenda. Miguu ikakataa katakata. Alibaki amesimama na Kunguru kando ya redio, wakisikiliza.

"Zinapanda!" ilikuja sauti ya mkuu, imejaa furaha. "Zinapan—"

Kisha kimya.

Dume na mkuu walizikwa wiki ile. Dada mtu alibaki mjane, akarudi kwa mama. Mpimaji aliachishwa kazi kweli. Siku hizi anauza vipuri vya baiskeli, na wote watatu wanakula. Kunguru anarusha ndege bado, na anageuza bado. Watu waliupanda mlima ule kwa miguu, wakaupima, wakakuta mawe matupu.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.