Kinda la Kwanza la Subira

Hapo zamani, zamani ya lini msiniulize, maana hata aliyenisimulia hakuniambia, palikuwa na mji wa Kivuleni ambao watu wake walipenda njiwa kupita kiasi. Mtu alikuwa radhi alale chini, mradi njiwa wake wawe na banda zuri. Mara moja kwa mwaka wafugaji wote walikutana ndani ya ua wa gofu la zamani lenye mnara, watazame njiwa, wasifiane, na zaidi watambiane.

Kiingilio kilikuwa kibaba kimoja cha mtama. Mlangoni alikaa Mzee Makame. Ukimpa kibaba chako, anakufunga ukindu mwekundu mkononi, na mtama unamwagwa papo hapo kinuni, unatwangwa, unapikwa uji wa wote. Waliochanga ndio walioingia. Mkono mtupu haulambwi, lakini mwaka ule walitokea watatu waliotaka walambwe vivyo hivyo.

Wa kwanza, Kombo, alipanda ukuta wa nyuma. Wa pili, Chande, alijitengenezea ukindu mwekundu nyumbani, akapita mlangoni kama mtu aliyeingia tangu asubuhi. Mtama wake aliuficha kwenye kopo ndani ya kanzu: akikamatwa alipe, asipokamatwa arudi nao. Wa tatu, Mwanasha, alijikunja ndani ya tenga kubwa la njiwa wa Bi Rehani, akajifunika kitambaa, na wapagazi wakambeba huku wakilalamika kwamba njiwa wa mwaka huu wamenenepa.

Bi Rehani alikuwa mkuu wa mkutano, naye alikuwa mjane. Mumewe alimwachia uzao mmoja wa njiwa, weupe wenye shingo ya kijivu, na katika uzao ule walibaki wawili tu: dume, na jike aitwaye Subira. Mwaka ule Bi Rehani aliahidi kwamba mtu atakayeufaa mkutano kuliko wote atapewa kinda la kwanza la Subira. Ahadi hiyo iliwakosesha watu usingizi.

Basi. Tenga likatuliwa. Mwanasha, miguu ikimfa ganzi, akasukuma kifuniko kidogo apate kujinyoosha. Alimkumbatia yule dume asipige mbawa. Hakumwona Subira akipita. Prrr, akatoka.

Bi Rehani alipoambiwa, aliketi chini palepale alipokuwa. Hakulia. Alisema tu kwamba sasa mumewe amekufa mara ya pili. Watu wakatazama juu, kila mmoja akaonyesha upande wake, na angani kipanga alikuwa anazunguka.

Ndipo Kombo, ambaye bado alikuwa amepanda ukuta, akaita, "Yuko kwenye tundu la mnara! Namwona!" Wote wakageuka wakamwona na yeye.

Mwanasha akatoka tengani, uso umemshuka kwa haya, dume kifuani. Akasimama chini ya mnara, akamlegezea dume mikono kidogo, naye akalia wito wake. Subira akachungulia. Akashuka hadi kwenye ukingo wa ukuta, asithubutu zaidi.

"Mtama," akasema Bi Rehani. "Hajalishwa tangu jana. Njiwa wa onyesho halishwi mpaka aonyeshwe. Nipeni mtama."

Wakatazamana. Mkutano mzima wa wafugaji wa njiwa, na hapakuwa na punje kavu hata moja. Mtama wote ulikwisha kuwa uji. Chande akautazama mlango, akamtazama kipanga. Kisha akatia mkono kanzuni, akatoa kopo, akalitikisa.

Subira akaujua mlio ule. Akashuka mpaka kiganjani mwa Bi Rehani, akala, na kipanga akaenda zake. Watu wakacheka, wengine wakalia, wakanywa uji uliokwisha kupoa wakauona mtamu. Bi Rehani alisema moyo wake umerudi mahali pake.

Lakini ahadi ni deni.

Kombo akasema, "Ningepita mlangoni ningesimama chini kama nyinyi. Bila jicho langu mngekuwa bado mnatazama mawingu."

Mwanasha akasema, "Kifuniko nilikifungua mimi, sikatai. Lakini ningeweza kubaki tengani nikanyamaza. Nilitoka, na dume alitulia kwa sababu alikwisha kunizoea."

Chande akasema, "Jicho halikumshusha, wala wito haukumleta mkononi. Mtama ulimleta, na aliyekuwa nao ni mimi peke yangu."

Mzee Makame akainuka mlangoni kwake. Akasema kwa upole, "Mtama huo ulikuwa wetu, Chande. Na nyote mnasahau: kama kila mtu angeingia kama nyinyi, pasingekuwa na uji, wala ua, wala mkutano wa kuokolewa. Hawa waliofungwa ukindu ndio walioufaa mkutano, na hakuna aliyewatazama."

Bi Rehani akamfunika Subira kwa upande wa kanga yake. Akawatazama mmoja mmoja, akamrudisha njiwa wake tengani.

Kinda akatotolewa siku kumi na nane baada ya yai kutagwa, mzima, naye akaota shingo ya kijivu. Hadi leo yumo bandani kwa Bi Rehani, anamngoja mwenyewe. Haya, nyinyi mlionisikiliza, wengine bila hata kunikaribisha uji: apewe nani?