Kidaka cha Juu ya Mlango

Hapo zamani, zamani ile ya chokaa, kabla saruji haijaingia mjini na kumfanya kila mwenye mwiko ajiite fundi, palikuwa na mji wa mawe kando ya bahari, jina lake Pwakuu. Sogeeni. Wenye kusinzia wasinzie sasa hivi, maana mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Mji ule ulikuwa mtamu, jamani. Tanuri la chokaa likiwaka, mtaa mzima ulijua kuna mtu anajenga. Na mtu hakujenga peke yake. Siku ya kupiga dari wanawake walipanda juu na vibao vyao, wakaitwanga chokaa mbichi kwa nyimbo mpaka ikashika, na huku chini masufuria ya wali yanatokota. Mzazi aliyejaliwa binti alianza kumjengea ghorofa yake tangu mtoto hajang'oka meno ya utoto. Siku hizi binti anapewa kabati na kitanda, na shukrani juu.

Na mtu akifa, alikuwa na pake. Kaburi la Pwakuu lilijengwa kwa mawe na chokaa, na kabla chokaa haijakauka, aliye karibu zaidi na marehemu alichukua bakuli la kaure ambalo marehemu alikuwa akilia chakula enzi za uhai wake, akalibandika ubavuni mwa kaburi. Ukipita makaburini asubuhi, mabakuli yanang'aa, na wewe unasema: huyu fulani, yule fulani. Jina la mtu halikupotea.

Basi mwaka mmoja Mzee Shekuwe alikuwa anamwoza binti yake, Barke. Siku ya kwenda ng'ambo kuchukua vyombo vya harusi, Barke akashikilia kwamba atakwenda kuchagua mwenyewe. Vijana wa mtaa wakajipakia chomboni kumsindikiza, kwa matari na vigelegele. Walikwenda, na hawakurudi. Chombo kilizama mkondoni mchana kweupe, na bahari ikarudisha tari moja tu, ambayo hakuna aliyejua ni ya nani.

Hapo Pwakuu ikakwama. Matanga walikaa kama ada inavyotaka, khitma zikasomwa, siku ya kuondoa tanga ikafika. Sasa waende wakazuru wapi? Na bakuli walibandike wapi? Kila nyumba iliyofiwa ilibaki na bakuli moja rafuni lisilo na kazi, na kulitazama kulikuwa kunaumiza.

Mmoja wao alikuwa Mwanakheri, mjane, mpika vitumbua wa mtaa wa Kisimani. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Fumo. Bakuli la Fumo lilikuwa na pengo ukingoni, kwa sababu utotoni alikuwa akiligonga kwa kijiko akiimba apewe uji. Mama yake alimkataza mpaka akachoka. Sasa angetoa kila alichonacho aisikie ile kelele tena.

Kila siku, akishamaliza kuuza vitumbua, Mwanakheri alichukua mkeka wake akashuka pwani, kwenye mwamba unaotazama mkondo. Akakaa. Halii, hasemi, anasikiliza maji. Watu wakasema mama huyu ameanza kuchanganyikiwa. Kisha jirani mmoja aliyefiwa akaja akakaa naye. Kisha mwingine. Muda si muda wafiwa wote wa Pwakuu wakawa pale kwenye mwamba, jua linawachoma, mchanga unawaingia machoni, na hakuna anayetaka kuondoka.

Jumbe wa mji alipowaona, moyo wake ulilainika. Akasema, "Hawa wenzetu hawana kaburi. Tuwajengee hapahapa nyumba ya kumbukumbu, wapate pa kukaa na pa kuyaweka mabakuli yao."

Maneno mazuri. Lakini mawe yatoke wapi? Kuchimba mawe ya matumbawe na kuyaacha yakauke ni kazi ya misimu, na kuchoma chokaa vilevile.

Mzee Shekuwe akasimama. Ghorofa ya Barke ilikuwa imefika nusu, kuta zimepanda, boriti zimelala zikingoja dari, chokaa imefukiwa shimoni inaiva. Akasema, "Bomoeni."

"Mzee Shekuwe," Jumbe akamwambia, "fikiri kwanza. Una wajukuu."

"Nimefikiri. Ile ghorofa nikiitazama naona harusi. Bomoeni, jiwe kwa jiwe, msibakishe hata kokoto."

Wakabomoa. Binadamu hakosi la kusema: wengine walimwombea dua, wengine wakanong'ona kwamba harusi yake ndiyo iliyowamaliza watoto wa watu, basi na atoe. Yeye aliwasikia wote, akaendelea kubeba mawe.

Kazi ya kujenga ikaangukia kwa Fundi Lali. Lali hakuwa na mpinzani Pwakuu, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno. Lakini safari hii hakutamba, maana chombo kile kilimchukua mdogo wake, Shee, waliyekuwa wakijenga pamoja, mmoja ndani ya ukuta na mwingine nje, wakipokezana mawe bila kuzungumza. Sasa ilimbidi azunguke ukuta mwenyewe kila mara. Aliijenga nyumba ile kwa moyo wote, na akakataa ujira. Ukuta wa nyuma akauchongea vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, kila marehemu na kidaka chake, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyesimama. Juu ya mlango akaweka kidaka kimoja kidogo, cha taa.

Siku ya kupiga dari wanawake walipanda kimya. Nyimbo walizozijua za kupigia dari zote zilikuwa za harusi, na nani angethubutu? Wakatwanga bila wimbo, vibao vinagongana ovyo, chokaa haishiki. Mwanakheri alikuwa miongoni mwao. Ghafla mdomo wake ukamponyoka, akaanzisha ule wimbo wa bibi harusi anayepanda ngazi za nyumba yake mpya. Akashtuka, akajiziba kinywa kwa kiganja. Wote wakamtazama Mzee Shekuwe, aliyekuwa chini akichota maji.

Mzee akainua uso. "Imbeni," akasema. "Dari lenyewe ni lake."

Wakaimba, wakitwanga na kulia, na dari likashika vizuri kuliko dari lolote mjini.

Nyumba ikaisha. Wafiwa wakaweka mabakuli yao vidakani, khitma ikasomwa, wali ukaliwa. Kesho yake Fundi Lali akaja kutazama watu wake wamekaaje. Ndani hamna mtu. Kesho kutwa, hamna mtu. Wafiwa wako wapi? Wako nje, nyuma ya nyumba, wameegemea ukuta, jua linawachoma vilevile.

Nawaambieni kosa lilikuwa wapi, na ni kosa la Pwakuu nzima. Katika mji ule kila nyumba ilijengwa ikiipa bahari mgongo, ukuta mzito usio na tundu, ili upepo wa chumvi usile nguo na vyombo. Ndivyo mababu walivyojenga, ndivyo Lali alivyofunzwa. Akaijenga na nyumba ya waliozama hivyohivyo. Ukiingia ndani, kimya. Ubaridi mtamu, kivuli kizuri, na bahari haipo.

Wengine wakashauri ukuta uvunjwe wote. Mjane mmoja akapiga ukelele. "Mkiuvunja mimi siji tena! Tangu siku ile sijayatia machoni maji ya chumvi. Ukuta huu ndio unaoniwezesha kufika hapa." Na wengine kadhaa wakasema wao ni kama yeye. Basi shauri likakwama. Wenye kuitaka bahari walikaa nje wakiungua, wasioweza kuitazama walichungulia ndani, wakakuta kimya kitupu, wakarudi kwao, na nyumba ikawa ya popo.

Asubuhi moja Mwanakheri hakupika vitumbua. Aliingia ndani ya ile nyumba na tindo na nyundo. Akalitoa bakuli la Fumo kidakani, akaliweka chini juu ya kanga yake. Akaanza kugonga mgongo wa kidaka. Alijua anafanya nini. Pwakuu mwiko ulikuwa mmoja: jengo la marehemu halitiwi chuma. Aligonga hivyohivyo mpaka jiwe likatoka na mwanga ukaingia.

Fundi Lali alisikia mlio, akaja mbio. "Mama Fumo! Unabomoa kaburi?"

"Nabomoa kidaka changu, mwanangu. Cha mtu mwingine sijakigusa."

"Huogopi laana ya marehemu?"

"Marehemu ni wangu. Kaa chini."

"Sikuja kukaa, nime..."

"Kaa, Lali. Umejenga nyumba nzima na hujakaa ndani yake hata mara moja."

Lali akakaa mkekani kwa hasira, ili amalizie kugomba akiwa amekaa. Hakumaliza. Kwenye lile tundu upepo ulikuwa unaingia, na juu ya upepo sauti ya maji yakipasuka mwambani, yanakuja, yanarudi, yanakuja. Aliyekaa haoni kitu ila kipande cha mbingu. Akasimama, akauona mkondo wote. Akakaa tena, mkondo ukapotea, sauti ikabaki. Akakumbuka jinsi Shee alivyokuwa akihema upande wa pili wa ukuta wakipokezana mawe. Akalia kwa sauti, mtu mzima yule, na Mwanakheri akamshika bega.

Siku ileile Lali akaenda kwa wafiwa, mmoja mmoja, akaomba ruhusa ya kufungua vidaka vyote. "Lakini bakuli halitakuwa na pa kukaa tena," aliwaambia. "Tundu halishiki chombo." Wakakubali, wakayachukua mabakuli yao wakarudi nayo. Vidaka vikafunguliwa. Mwenye kutaka kuiona bahari akasimama, asiyetaka akakaa akaisikia tu. Yule mjane alikuwa wa kwanza kuingia, akakaa mpaka adhuhuri. Tangu hapo nyumba haikukosa watu.

Na sasa ndipo tunapofika kwenye shida yenyewe.

Kikabaki kidaka kimoja tu kisichotobolewa, kile cha juu ya mlango. Jumbe akasema, "Lali, huwezi kuchonga vingine?" Lali akasema ukuta umeshatobolewa vya kutosha, ukiguswa tena utalala chini. Basi Jumbe akatangaza: bakuli moja litabandikwa pale kwa chokaa, lisitoke milele, na nyumba itaitwa kwa jina la marehemu mwenye bakuli lile. Kila apitaye atalitaja. Wafiwa wengine wakasema, wapewe wale watatu, Mzee Shekuwe, Lali na Mwanakheri, maana wao ndio waliotupatia nyumba hii. Lakini watatu hawaingii kidaka kimoja.

Wakaja, kila mmoja na bakuli lake.

Mzee Shekuwe akasema, "Yaondoeni mawe yangu, muone kitakachobaki. Kila jiwe hapa nilimnunulia Barke, dari hili liliimbiwa wimbo wake. Mwanangu hakuingia nyumbani kwake akiwa hai. Mnataka jina la mtu mwingine likae juu ya mlango wake?"

Fundi Lali akasema, "Niondoeni mimi, muone kitakachobaki. Rundo la mawe halimkingi mtu na jua. Mimi nilisimamisha kuta, na vidaka nilivifungua mimi kwa mikono hii. Nilikosea, ndiyo, na nikarekebisha. Nani mwingine angetoboa ukuta mzima usianguke? Shee alijenga nusu ya mji huu na hakuna jiwe hata moja lenye jina lake."

Akabaki Mwanakheri. Alikuwa amelishika bakuli lenye pengo kwa mikono miwili.

"Mimi niondoeni," akasema. "Nyumba itabaki, ila mtaikuta tupu, kama mlivyoikuta. Mahali hapa nilipakalia mimi kabla ya jiwe na kabla ya fundi. Na tundu la kwanza nililitoboa mimi, nikabeba mimi laana yake, kama ipo." Akawageukia wenzake. "Mzee Shekuwe, wewe una wajukuu, mmoja ataitwa Barke. Lali, wewe mkeo ni mjamzito, mwanao ataitwa Shee. Mimi nikifa, nani atasema Fumo?"

"Mama Fumo," Mzee Shekuwe akamjibu taratibu, "jina la mjukuu si nyumba. Nyumba niliibomoa."

"Na mke wangu akizaa binti?" Lali akauliza.

Watu wakagawanyika palepale. Wa mawe wakapiga kelele, wa fundi wakapiga kelele, wa mama wakalia. Jumbe alikuwa juu ya ngazi, mwiko mkononi, chokaa mbichi imejaa juu yake, na jua linapiga. Akawatazama wale watatu chini yake. Mwanakheri hakuinua macho. Kidole chake kilikuwa kinapapasa lile pengo ukingoni mwa bakuli, kinakwenda, kinarudi, na kupitia vidaka sauti ya maji ilikuwa inawafikia wote watatu sawasawa.

Chokaa haingoji, wenzangu. Mabakuli ni matatu, kidaka ni kimoja. Haya, niambieni ninyi mnaojua kuhukumu: nyumba ile iitwe Kwa Barke, iitwe Kwa Shee, au iitwe Kwa Fumo?